Sahihi Thelathini na Moja: Maneno Machache Juu ya Mafunzo ya Usalama Kazini

(Hotuba niliyoitoa katika bwalo la shule, siku ya Mkutano wa Mwaka wa Chama chetu. Mhariri ameniomba niiandike kama nilivyoisema, nami nimejitahidi.)



Ndugu Katibu aliponiandikia alisema nizungumze kwa nusu saa juu ya usalama kazini na utekelezaji wa sheria zake, kwa kuwa wengi wetu sasa ni wakuu wa idara, wenye karakana, wenye viwanda vidogo na wakandarasi. Kisha chini ya barua akaongeza kwa kalamu kwamba pilau hutolewa saa saba kamili. Nimemwelewa. (Kicheko.)

Mimi si mhandisi wala si daktari. Ni afisa utumishi. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa pamoja na kutunza daftari la mafunzo la taasisi moja ya serikali ambayo, kati ya mambo yake mengine, ina karakana ya useremala. Nitakayoyasema leo nimeyapata zaidi katika daftari lile kuliko Chuo Kikuu.

Lakini yafaa nianzie hapa hapa shuleni. Wale tuliokuwa hapa kati ya mwaka 1995 na 1998 tunaikumbuka karakana iliyokuwa nyuma ya maabara, na tunamkumbuka mwalimu wake. Sitamtaja kwa jina kwa kuwa hakupenda kutajwa hata alipokuwa hai. Karakana ilikuwa na mashine tatu tu za umeme: msumeno wa duara, randa, na keekee kubwa ya kusimama. Msumeno ulipokwama, mwalimu hakumruhusu mtu kuusogelea. Alikwenda kwanza kwenye sanduku la umeme ukutani, akachomoa fyuzi, akaitia katika mfuko wa shati lake, akafunga kifungo cha mfuko. Kisha alirudi kwenye mashine na kubonyeza kitufe cha kuwashia, ingawa sote tulikuwa tumemwona akichomoa fyuzi kwa macho yetu. Mashine isipowaka ndipo alipotia mkono.

Tulimcheka. Tulidhani ni uzee. Kuna mmoja wetu, naye yupo hapa meza ya tatu, aliyekuwa hodari wa kumwigiza jinsi alivyokuwa akifunga kile kifungo. (Kicheko.) Na jambo la pili alilolifanya ni kwamba hakumruhusu mwanafunzi yeyote kuwasha mashine mpaka kwanza asimame mbele ya wenzake aeleze kwa maneno yake mwenyewe atafanya nini, mikono yake itakuwa wapi, na kitu kikiharibika atabonyeza wapi. Ukikosea unakaa chini, anainuka mwingine. Mimi nilikaa chini mara nne kabla sijaruhusiwa kuitumia randa.

Sasa nije kwenye daftari.

Mwaka 2014 taasisi yetu iliarifiwa kwamba wakaguzi watakuja. Ninyi mnaofanya kazi serikalini mnajua barua ya namna hiyo huleta nini. Majalada yaliyolala huamshwa. Mkuu wangu aliniita akaniuliza kama wafanyakazi wa karakana wamepata mafunzo ya usalama. Nikajibu kweli: hapana. Akasema, basi wapate wiki hii. Nikaandaa mafunzo. Nilikusanya watu 31 katika ukumbi: maseremala, wapaka rangi, madereva, wafagizi na vibarua wawili watatu. Nilikuwa na maandishi ya kuonyesha ukutani, yote kwa Kiingereza, niliyoyapata kwa rafiki wa ofisi nyingine. Niliyasoma na kuyafasiri haraka haraka. Ilichukua dakika 40. Baadaye chai na maandazi, na karatasi ya sahihi ikazungushwa. Sahihi 31. Nikaibandika katika daftari. Wakaguzi walipokuja waliliona daftari wakasifu, nami nikaandikiwa barua ya pongezi ambayo bado ninayo.

Miezi mitano baadaye kijana mmoja seremala aliona randa imejaa machicha ya mbao. Aliizima kwa kitufe, akainama, akaingiza mkono wa kulia chini ya silinda ya visu ili ayatoe. Mwenzake alikuwa akitoka kunywa chai. Hakumwona mtu, aliona mashine imezimwa na ubao wake unasubiri, akawasha. Yule kijana alipoteza vidole vitatu.

Nilikwenda kumwona hospitali siku ya pili. Alipotaka kuniamkia alinyoosha mkono wa kulia uliofungwa bandeji, akakumbuka, akaurudisha, akanipa wa kushoto. Kisha akaniomba radhi kwa kunipa mkono wa kushoto. Ndugu zangu, nimeshuhudia mengi katika utumishi, lakini kwa hilo sikupata la kumjibu.

Baada ya wiki mbili jambo lilifika kamati ya nidhamu. Dokezo lililoandikwa lilisema mfanyakazi huyu alikuwa amefundishwa kutoingiza mkono katika mashine, ushahidi ni sahihi yake, namba 17 katika orodha, kwa hiyo amekiuka maelekezo na kuharibu mali. Niliitwa kama shahidi. Kazi yangu ilikuwa ni kuthibitisha kwamba sahihi ile ni yake na kwamba mafunzo yalifanyika. Yote mawili yalikuwa kweli!

Nilirudi kwake nikamwuliza kwa upole: siku ile ukumbini ulielewa nini juu ya kuzima mashine? Akaniambia, “Mkuu, nikuambie ukweli? Mimi nilidhani ile karatasi ni ya posho.” Nikawauliza na wengine. Wengi walidhani hivyo hivyo. Mmoja alikuwa bado anasubiri ilipwe.

Nikawa na siku tatu za kufikiri. Sitajifanya shujaa mbele yenu. Siku mbili za kwanza nilifikiri juu ya cheo changu na ada za watoto. Siku ya tatu niliandika dokezo kwa mkono wangu mwenyewe kwamba mafunzo yale yalikuwa ya jina tu, kwamba mimi ndiye niliyeyatoa, kwamba hakuna aliyeonyeshwa mashine, na kwamba karakana haikuwa na kufuli hata moja la kufungia swichi. Kijana hakufukuzwa. Alihamishiwa stoo, na yuko huko mpaka leo, akiandika kwa mkono wa kushoto. Mimi nilingoja kupandishwa cheo miaka minne zaidi ya wenzangu. Sidai kwamba sababu ni hiyo, wala sidai kwamba siyo.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza maswali ya kuudhi, na ndiyo yanayonifanya leo niitwe mbele yenu.

Swali la kwanza ni hili: tunamaanisha nini tunaposema mtu amefundishwa? Sheria tunayo. Tanzania Bara tulikuwa na ile Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, iliyorithiwa kwa mkoloni na iliyotazama viwanda peke yake. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi ulianzishwa mwaka 2001, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ikapitishwa mwaka 2003. Hii haiishii kwenye viwanda. Inagusa shamba, ofisi, duka, mgodi, jengo linalojengwa, na shule. Zanzibar wana sheria yao. Inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi, awe na wawakilishi wa usalama na afya kutoka miongoni mwa wafanyakazi, awapime afya, awape mafunzo na vifaa vya kujikinga. Halafu kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na Mfuko wake, ambao michango yake hulipwa na mwajiri wala haikatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Nasema hili la mwisho kwa sauti kwa sababu asubuhi hii mmoja wetu mwenye kampuni aliniambia yeye huwakata. (Kicheko, na sauti: “Mtaje!”) Simtaji. Atarekebisha.

Sheria basi ipo, na si mbaya. Lakini sheria huona karatasi, na karatasi ni rahisi kuipata. Mkaguzi anakuja siku moja katika mwaka, pengine asije. Siku nyingine zote ni za msimamizi, nyapara na fundi.

Kwa hiyo mkitaka shauri langu, futeni ule utaratibu wa ukumbi. Mafunzo ya mashine yafanyike mbele ya mashine ikiwa imezimwa, watu watano au sita, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote wanayoisema wakiwa wamekasirika, maana mtu akipatwa na hatari hafikiri kwa lugha ya ofisini. Msimamizi aonyeshe mara moja polepole. Kisha kila mmoja afanye mwenyewe huku akieleza anachofanya. Asiyeweza hakuandikwa. Katika daftari, badala ya sahihi ya aliyefundishwa peke yake, pawe na sahihi ya aliyemwona akifanya, pamoja na maneno machache: alionyesha kufunga swichi, alionyesha kubadili kisu. Ukimtaka msimamizi aweke jina lake namna hiyo utaona jinsi anavyokuwa mwangalifu ghafla. Sasa hivi kwangu somo moja la mashine moja kwa watu sita huchukua saa moja na nusu. Wahasibu hulalamika.

Na msianze na wafanyakazi wa kudumu. Anzeni na kibarua aliyeingia leo asubuhi. Yeye ndiye asiyejua swichi iko wapi, ndiye anayeona haya kuuliza, ndiye anayetumwa kufanya kazi ambayo wenyeji wanaikwepa. Tena yeye ndiye hayumo katika orodha yoyote.

Kuhusu kufunga mashine nitasema kwa urefu kidogo, mnivumilie, maana ndilo lililonigharimu. Kuzima kwa kitufe si kuzima. Kitufe hubonyezwa na yeyote, hata kwa kiwiko. Anayetaka kuingiza mkono, kubadili kisu, kusafisha au kutia mafuta, kwanza awaarifu wenzake. Azime mashine. Aende kwenye swichi kuu ya mashine ile, aikate, aifunge kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwake yeye na si kwenye msumari ukutani. Juu ya kufuli atundike kibao chenye jina lake. Asubiri visu na magurudumu yasimame kabisa, maana silinda ya randa huendelea kuzunguka kwa muda baada ya umeme kukatika. Kama kuna upepo uliobanwa katika mabomba, autoe. Kama kuna kitu kizito kimeinuliwa, kishushwe au kiegemezwe. Halafu abonyeze kitufe cha kuwashia kuhakikisha haiwaki, kama mzee wetu na fyuzi yake. Wakiwa mafundi watatu, yawe makufuli matatu. Na kufuli la mtu asilifungue mwingine, hata kama mkurugenzi amesimama mlangoni anataka meza zake.

Gharama yake ni kufuli, kibao na kamba. Niliponunua makufuli manane kwa ajili ya karakana yetu, fedha yote haikufika nusu ya ile iliyotumika kwa chai na maandazi siku ya mafunzo yangu.

Nije kwenye vifaa vya kujikinga, maana hapo kuna udanganyifu mwingi. Mwajiri akinunua kofia ngumu, glavu na gambuti hujiona amemaliza. Lakini hivyo ni vya mwisho. Kwanza uulize, je, hatari yenyewe yaweza kuondolewa? Kama haiwezekani, je, yaweza kufunikwa, kuzungushiwa, kuvutwa nje? Chukueni vumbi la mbao. Wataalamu wa kimataifa wa saratani wamelitaja vumbi hilo kuwa husababisha saratani ya pua. Unaweza kumpa seremala kitambaa afunge puani, naye atakivua baada ya dakika kumi kwa joto. Au unaweza kuweka bomba la kuvuta vumbi pale pale kwenye kisu, na kukataza kufagia makavu makavu. La pili ni ghali siku ya kwanza tu. Kelele ni vivyo hivyo. Kipimo kinachotumika kwa kawaida ni desibeli 85 kwa saa nane. Kama huna chombo cha kupimia, simama hatua moja kutoka kwa mwenzako. Ukilazimika kupaza sauti ndipo akusikie, jua masikio yenu yanaliwa. Na glavu, ambazo kila mtu huzipenda katika picha, kwenye keekee na mashine zinazozunguka ni adui, kwa sababu hukamatwa zikavuta mkono. Kila kifaa na mahali pake.

Kuna jambo moja ambalo karibu kila mwenye jengo hapa anahusika nalo, nalo ni shimo. Shimo la maji taka, tangi la maji lililofungwa muda mrefu, kisima. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikipungua chini ya asilimia 19.5 mahali pale hapahesabiwi kuwa salama, na ikishuka zaidi mtu huanguka bila kuhisi kwamba anaanguka. Katika maji taka kuna gesi ya haidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai viza. Watu husema, ukisikia harufu toka. Lakini gesi hiyo ikizidi huua kwanza uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo harufu ikitoweka huenda mambo yamekuwa mabaya zaidi. Wa kwanza huteremka, hajibu akiitwa. Wa pili, aghalabu ndugu au rafiki, huteremka kumwokoa. Halafu wa tatu. Mwafundishe watu wenu jambo moja gumu kuliko yote: usimfuate. Asiteremke mtu kabla hewa haijapimwa kwa chombo na kupulizwa, kabla hajafungwa kamba na kuwekwa mtu juu asiyeondoka. Kama hamna chombo wala kamba, waiteni wenye gari la kunyonya. Hilo somo lifanyeni kwa vitendo, kwa kumvuta mtu mzima juu ya ardhi kwa kamba. Mtaona kwamba watu wawili hawatoshi.

Sasa swali la pili la kuudhi: mfanyakazi wako akiona hatari, anamwambia nani, na baada ya kusema anapatwa na nini? Tarehe 24 Aprili 2013, huko Bangladesh, liliporomoka jengo la Rana Plaza lililokuwa na viwanda vya nguo, wakafa watu 1,134. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa katika jengo hilo hilo haikuwarudisha watumishi wake. Washonaji waliamriwa kurudi kazini. Walijua, ndugu zangu. Hawakukosa elimu, walikosa nafasi ya kusema hapana na bado wapate mshahara. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi anayejiondoa mahali penye hatari ya karibu na kubwa kwa uhai wake alindwe asiadhibiwe. Na mwaka 2022 Shirika hilo liliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za kazi. Lakini nani katika ofisi yako amewahi kumsikia mkuu akisema, “Ukiona si salama, acha, na mimi nitakutetea”?

Mimi nilianzisha daftari la pili, la mambo yaliyokosa kutokea: ngazi iliyoteleza bila mtu kuumia, ubao uliorushwa ukampita mtu sikioni, waya uliochubuka. Miezi mitatu ya kwanza halikuandikwa neno. Nikagundua kwamba msimamizi alikuwa akimkaripia kila anayeandika. Tukalihamisha likakaa kwa mlinzi getini, anayependwa na wote. Likajaa. Ngazi peke yake ilitajwa mara sita, na tulipokwenda kuitazama tulikuta watu huiegemeza wima mno. Kipimo kizuri ni kwamba kila mita nne kwenda juu, miguu ya ngazi iwe mita moja kutoka ukutani. Tulichora mstari sakafuni, hadithi ya ngazi ikaisha.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anatazama saa. Namalizia kwa jambo la hapa nyumbani, na hili halikuwa katika barua yake.

Mwaka 1911, mjini New York, kiwanda cha mashati kiitwacho Triangle kiliungua wakafa wafanyakazi 146, wengi wao wasichana. Mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Miaka 90 baadaye, mwezi wa Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, huko Machakos, Kenya, liliungua wakafa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Hapa kwetu, mwaka 1994, wasichana zaidi ya 40 walikufa bwenini Shauritanga, Rombo. Shule ni mahali pa kazi. Pana walimu, wapishi wanaoshika moto tangu saa kumi usiku, walinzi, matroni, na vijana mia kadhaa wanaolala humo.

Leo asubuhi, kabla ya mkutano, nilimwomba Ndugu Mkuu wa Shule ruhusa nikatembee mabwenini, naye kwa wema wake akafuatana nami. Lile bweni la chini, karibu na mwembe, lina milango miwili. Mmoja wa nyuma umefungwa kwa mnyororo, ufunguo uko kwa mlinzi. Madirisha yote 22 yana nondo zilizochomelewa, hakuna hata moja linalofunguka. Nilimwuliza kijana wa kidato cha pili, moto ukitokea usiku utatokea wapi? Akanionyesha mlango wa mbele. Nikamwuliza, na ukiwa ndiko uliko moto? Akacheka kidogo, kama tulivyokuwa tukimcheka mzee wa fyuzi.

Nondo zile, ndugu zangu, hazikuwekwa na shule. Tuliziweka sisi. Mwaka 2011, baada ya wezi kuingia, Chama hiki kilichanga fedha, mimi nikiwa katika kamati, tukamleta fundi, na picha yetu tukiwa tumesimama mbele ya madirisha yale ilitoka katika gazeti hili hili. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza. Na mimi nilikuwa nimevaa tai.

Nimezungumza na ndugu yetu mwenye karakana ya uchomeleaji pale mjini, mmemwona. Anasema dirisha moja katika kila matatu laweza kukatwa nondo zake na kufanywa mlango mdogo wenye bawaba, unaofunguka kwa ndani kwa komeo bila ufunguo, na mwizi aliye nje asiweze kulifikia. Kwa bweni lile ni madirisha 8, pamoja na komeo la ndani kwa mlango wa nyuma badala ya mnyororo. Atatoza vyuma peke yake, ufundi atajitolea. Mkuu wa Shule amekubali kwamba kazi ikiisha patafanyika zoezi la kutoka usiku, taa zikiwa zimezimwa, na saa mkononi, na kwamba litarudiwa kila muhula. Naomba yeye na matroni waandike dakika zilizotumika. Wasiandike sahihi za wanafunzi.

Ndugu Mwenyekiti, ajenda ya saba ya leo ni ununuzi wa viti vipya vya jukwaa. Naomba mkutano uiahirishe viti hivyo na fedha yake ielekezwe kwenye madirisha 8 na mlango mmoja. Natoa hoja. Kama yupo wa kuniunga mkono na asimame sasa, kabla ya pilau.



(Hoja iliungwa mkono na meza ya tatu. Ndugu mchomeleaji alianza kupima jioni ile ile.)